SAA YA ALFAJIRI NA KITABU CHA KILA SIKU

Wako watu wengi katika wilaya zetu waliojaliwa kujua kusoma na kuandika, walakini kalamu zao hazifanyi kazi ila siku ya kuandika barua ya kuomba fedha au ya kutoa habari ya msiba. Wakiulizwa sababu, hujibu kwamba hawana nafasi: mchana una shamba, shule na baraza, na jioni ina wageni na uchovu. Jibu hili si la uvivu, lina kweli ndani yake. Kwa hiyo twataka kunena habari ya saa moja ambayo haijashikwa na wengi, yaani saa ya alfajiri kabla jua halijachomoza, na jinsi mtu mwenye kazi nyingi awezavyo kuitumia kwa kuandika. Tutatoa mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zimeelezwa na mkono wake mwenyewe, tena kwa hesabu.

Mtu huyo ni Anthony Trollope, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1815 na kufa mwaka 1882. Aliingia kazi ya Posta mjini London mwaka 1834, akiwa karani mdogo, na mwaka 1841 akapelekwa Ireland. Wala hakuwa mtu wa kukaa kitini tu: kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani juu ya farasi, akikagua njia za wachukuzi wa barua. Masanduku ya barua yaliyosimamishwa kandokando ya njia katika kisiwa cha Jersey mwaka 1852 yalitokana na shauri lake. Hakuiacha Posta hata mwaka 1867. Lakini mtu huyuhuyu, katika maisha yake, alitunga vitabu vya hadithi 47, mbali na vitabu vya safari na vinginevyo. Vile vya kwanza havikupata wasomaji, naye hakukoma.

Desturi yake ilikuwa hii. Kila siku alikaa mezani saa 11 u nusu alfajiri, kwa hesabu yetu, akaandika mpaka saa 2 u nusu, kisha akavaa nguo za kazi na kula chakula cha asubuhi. Nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma aliyoyaandika jana, ili sikio lake lipate kuizoea tena sauti ya maneno. Baada ya hapo aliweka saa yake mbele ya macho, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa.

Je, aliamkaje, hata siku za baridi kali ya Ulaya, ambapo mwezi wa Desemba jua la London halionekani mpaka saa 2 imepita? Hapa wengi wangetazamia kusikia sifa za moyo wa chuma. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Alipokuwa akikaa Waltham Cross, tangu mwaka 1859, alikuwa na saisi mzee, mtunza farasi wake, akamwongeza pauni 5 kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha na kumletea kahawa. Mzee yule hakuchelewa hata siku moja katika miaka yote waliyokaa huko. Trollope ameandika kwamba pengine yampasa kumshukuru mzee huyo kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio aliyoyapata. Twaomba waalimu walitafakari jambo hili. Mtu anayesema, “Kesho nitaamka mapema,” amejiwekea ahadi peke yake, na usingizi ni mshitaki asiye na shahidi wa kumpinga. Bali aliyemwambia mwenziwe, “Uje unigongee mlango,” amekwisha kujifunga, kwa kuwa mwenziwe atakuja, na kumwacha nje gizani ni aibu.

Jambo la pili lilikuwa daftari. Kila alipoanza kitabu kipya, Trollope alipiga mistari katika daftari, akaigawanya kwa majuma, na kila siku akaandika idadi ya kurasa alizozimaliza. Kwa kawaida alijipimia kurasa kama 40 kwa juma, ukurasa mmoja ukiwa na maneno 250. Mara nyingine zilishuka hata 20, na mara moja zilifika 112. Akikaa siku mbili bila kuandika, daftari lilimkodolea macho. Hakukuwa na mkubwa wa kumwadhibu; nafasi tupu ilitosha kumwumiza.

Kazi yake ya safari haikumpa udhuru. Alipokuwa akisafiri sana kwa gari la moshi alijitengenezea ubao mdogo, akaandika kwa penseli njiani, na mkewe akanakili baadaye. Mwaka 1858 Posta ilimtuma Misri kufanya mapatano ya kupitisha barua nchini humo. Bahari ilichafuka mno katika safari ya kwenda Iskanderia, na zaidi ya mara moja aliacha karatasi mezani akakimbia kwenda kutapika, kisha akarudi kumaliza kurasa zake za siku. Hukohuko Misri alikimaliza kitabu kimoja, na siku iliyofuata akaanza kingine.

Haifai tufiche kwamba desturi hii ilimletea lawama. Habari za maisha yake zilipochapwa mwaka 1883, baada ya kufa kwake, wasomaji wengi walichukizwa kusikia kwamba hadithi walizozipenda zilipimwa kwa saa, tena mwandishi amejifananisha na mshona viatu. Walidhani mtungaji hungoja mpaka moyo umjie. Kwa maoni yetu, mfano wa mshona viatu hauna aibu. Fundi hangoji siku ya kupenda ngozi. Hukaa, akachukua sindano, na mapenzi humjia akiwa kazini.

Lakini maneno 250 kwa robo saa ni kipimo cha mtu aliyezoea miaka mingi, wala hatuwashauri wasomaji wetu kukiiga. Kwa anayeanza, nusu ukurasa wa daftari la shule ni kipimo kizuri, na robo saa yatosha. Tena sisi tuna neema ambayo Trollope hakuwa nayo: katika nchi zetu za karibu na ikweta, tofauti ya saa ya mapambazuko kati ya mwezi huu na mwezi ule haifiki saa moja, hali huko kwao hupita saa 4. Mtu akijizoeza kuandika jogoo akiwika, au baada ya sala ya alfajiri, mwaka mzima saa yake itakuwa ileile.

Aandike nini? Si kila mtu ni mtunga hadithi. Aandike ya jana: tarehe, mvua kama ilinyesha, mbegu zilizopandwa na shamba gani, bei ya mahindi sokoni, mgeni aliyekuja na neno alilolileta, mtoto aliyezaliwa, mzee aliyefariki na umri aliodhaniwa kuwa nao. Mashauri mangapi ya mipaka yameharibika barazani kwa sababu shahidi mmoja asema, “Ilikuwa mwaka wa nzige,” na mwingine asema, “La, mwaka wa njaa,” wala hapana mwenye tarehe! Chifu aliyesikiliza ugomvi jana na kuuandika leo alfajiri atauona kwa utulivu zaidi, kwa sababu hasira ya barazani imelala usiku. Hata hivyo daftari lake la nyumbani lisichukuliwe kuwa badala ya kitabu cha baraza. Hiki ni cha watu wote, lile ni lake.

Tena mwandishi hajui ni neno gani litakalokuwa na thamani. Kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne, Uingereza, aliandika daftari la hali ya hewa, ndege na bustani yake tangu mwaka 1768 mpaka mwaka 1793 alipofariki. Katika kiangazi cha mwaka 1783 alieleza ukungu wa ajabu uliolifanya jua la adhuhuri kufifia kama mwezi. Leo twajua ya kuwa ulitoka katika mlima wa moto wa Laki, huko Iceland, na maneno ya mtu huyu wa kijijini yangali yakisomwa na wataalamu.

Neno moja kwa wenye nyumba. Alfajiri ya mwanamume ni tupu, walakini ya mwanamke mara nyingi imekwisha kujaa: maji, moto, uji wa watoto. Kama mke au binti ajua kuandika, basi mwanamume na akoke moto yeye kwa robo saa hiyo. Wanawake wajua habari za kuzaliwa, maradhi na dawa ambazo hazimo katika daftari la mwanamume yeyote.

Penseli yafaa kuliko wino, kwa kuwa wino huyeyuka paa likivuja. Daftari na kalamu viwekwe tayari usiku mahali pamoja, ili mtu asianze asubuhi kwa kutafuta. Likijaa, lifungiwe katika kasha la bati, mbali na ardhi, kwa ajili ya mchwa na panya. Na siku isiyoandikwa iachiwe nafasi yake tupu pamoja na tarehe, wala isijazwe baadaye kwa kubuni. Daftari la kurasa 96, kwa nusu ukurasa kila siku, humfikisha mtu siku 192, yaani miezi 6 na siku chache.