Somo: Matembezi ya Asubuhi katika Bustani ya Miti

Wengi wetu tumesikia ya kuwa nchi za Ulaya zina majira manne, lakini si rahisi kwa mtu wa nchi za joto kufahamu majira ya machipuko jinsi yalivyo. Basi katika somo hili na tutembee pamoja, asubuhi moja ya mwisho wa Aprili, katika bustani iitwayo Isabella Plantation, iliyo ndani ya Richmond Park, mjini London.

1. Bustani yenyewe. Mahali hapa pana eka 40 hivi. Mwaka 1831 Lord Sidmouth alipazungushia ua, akapanda mialoni na miti mingine ya mbao. Na ua huo wazuia ayala wa mbuga ile wasile miche. Watu wote walifunguliwa bustani mwaka 1953, yaani miaka 122 baadaye. Kwa hiyo kivuli tukipitiacho leo ni kazi ya mikono ya watu ambao wenyewe hawakukikalia.

2. Nuru ifikayo chini. Umande ungali katika majani, na ndege waimba kwa sauti kuu, maana ndiyo saa yao. Kandokando ya vijito azalea zimeanza kuchanua, nyekundu na nyeupe. Lakini tuinue macho kwanza. Mialoni haijamaliza kuvaa majani yake mapya, na jua lapenya kati ya matawi hata udongoni. Huko chini pana maua ya rangi ya buluu, yameinamisha vichwa. Waingereza huyaita bluebell, maana yake kengele za buluu. Mmea huu hutoa majani mapema, baridi ingalipo. Katika majuma hayo machache hupokea nuru, hujifanyia chakula, nao hukiweka akiba katika tunguu lililo ardhini. Ikifika Juni miti imefunga kivuli. Majani ya mmea hunyauka, nao hulala hata mwaka wa pili. Mnyonge huyu hashindani na mwaloni kwa urefu. Huwahi tu wakati wake.

3. Hatari ya mguu. Kuna njia zilizotengenezwa, nasi yatupasa kuzishika. Mtu akiliona ua zuri hutamani kulikaribia, naye huacha njia, akakanyaga majani. Hadhani ameharibu kitu, kwa kuwa ua lenyewe hakuligusa. Lakini jani lililopondwa haliwezi kufanya chakula, na tunguu lisilolishwa hudhoofika. Likikosa majuma yale ya nuru, halipati mengine mwaka huo. Tena mmea uliotoka katika mbegu huchukua kama miaka 5, pengine zaidi, kabla ya kutoa ua la kwanza. Basi hatua moja ya dakika moja yaweza kuharibu kazi ya miaka, na wengine wafuatao huiona alama ya mguu, wakadhani ni njia, wakapita papo hapo.

4. Tufundishwe nini? Twajua ya kuwa adui huharibu. Lakini hapa twaona ya kuwa apendaye pasipo maarifa huharibu vile vile. Shamba la jirani, chemchemi ya kijiji, hata mtoto anayejifunza, vyote vina majani yake yaliyo chini, yasiyosifiwa na mtu, ambayo ndiyo yalishayo tunguu. Atazamaye ua tu hatayaona. Kwa hiyo apendaye kitu na aulize kwanza: Kitu hiki chapata wapi chakula chake, na kwa wakati gani? Kisha na aangalie mguu wake mahali pale.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini bluebell huchanua kabla miti haijafunga kivuli?
2. Kwa nini kukanyaga majani kwaleta hasara ya miaka mingi?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kinachokanyagwa na watu wanaokipenda?