Somo la Sayansi: Gari Linalokunywa Petroli

Ndugu mwanachuo, usianze somo kwa jibu. Waulize watoto: "Gari linakunywa petroli kupita kawaida, na mshale wa joto haupandi. Kwa nini?" Wengi watasema tangi linavuja. Wasikilize, kisha ining'inize themostati kuukuu kwa uzi ndani ya sufuria ya maji baridi yenye themometa, uyachemshe. Iliyo nzima hubaki imefungwa, ikaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 hivi. Iliyokwama wazi hupitisha maji kwenye rejeta mapema mno. Injini haipati joto lake, nayo injini baridi hudai petroli zaidi. Iliyokwama imefungwa huchemsha injini. Waonye: kifuniko cha rejeta yenye moto kisifunguliwe kamwe. Kukisia ni mwanzo; kupima ndiko kunakofundisha.