Usimnyamazishe Mgonjwa

Somo: Mwanzo 49:29–33, Yohana 19:25–27



Miaka michache iliyopita tulienda kumwombea mama mmoja wa saratani. Daktari alikuwa ameshawaambia jamaa kwamba matibabu ya kumponya yamefika mwisho. Tulipomaliza maombi alinishika mkono. "Pastor, nataka tuongee. Nikienda, huyu kitinda mimba wangu atakaa na nani?" Nikamkatiza: "Mama, usikiri kifo. Utaishi!" Akanyamaza. Hakuniuliza tena. Wiki mbili baadaye tulimzika, na mtoto akahamishwa nyumba tatu kwa mwaka mmoja. Lile swali nililizima mimi.

Nilisomea biashara, na huko kazi hupimwa kwa matokeo. Nikaingia na hesabu hiyo kwa chumba cha mgonjwa: akipona tumefaulu, akifa tumeshindwa. Lakini Yakobo alipojua siku zake zimefika, aliwaita wanawe, akawabariki, akawaagiza mahali pa kumzika. Hakukosa imani. Yesu naye, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake.

Kuna huduma inayoitwa tiba shufaa. Hapa kwetu Nairobi Hospice imeifanya tangu 1990. Haiharakishi kifo wala haikiahirishi. Inatuliza maumivu ya mwili, inashughulikia hofu, inasaidia jamaa, na inajali roho. Tujifunze mambo manne:

1. Dawa ya maumivu si ukosefu wa imani. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari hutuliza maumivu makali, si sumu. Usimwambie mtu avumilie kile ambacho wewe hukisikii.

2. Mwili ni wa mgonjwa. Muulize anataka kujua nini, akae wapi, nani awe karibu. Tusipange mambo yake jikoni yeye akiwa sebuleni.

3. Kuacha matibabu yasiyomsaidia tena si kumuua. Kumpa dawa kusudi afe ni jambo lingine kabisa, na hilo hatulikubali. Kwa hivyo kabla ya kuuza shamba au kuitisha harambee ya kumpeleka India, muulizeni daktari waziwazi: hii itamwongezea nini? Halafu mumuulize mgonjwa mwenyewe.

4. Endelea kuomba uponyaji. Mungu anaweza, na mimi bado naomba. Lakini ukisema "amina," kaa chini. Mgonjwa akitaka kuongea juu ya watoto, deni ama mazishi, msikilize hadi amalize.

La kufanya wiki hii: ukiwa na mgonjwa nyumbani, muulize, "Ni nini kinakusumbua zaidi?" Kisha nyamaza wewe.

Tuombe: Bwana, utusamehe pale tulipoogopa kifo tukaita woga wetu imani. Tupe masikio. Amina.