Lugha kama Nyenzo ya Mtunzi wa Programu za Tarakilishi

Kumekuwepo na dhana kwamba mtunzi wa programu za tarakilishi ni mtu wa tarakimu wala si wa maneno. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka wa 2022, imedhihirika kwamba mashine yaweza kuandika msimbo kwa kupewa maelezo ya kawaida tu. Swali linalozuka ni hili: je, mtaalamu atabakia na kazi gani? Inadaiwa hapa kwamba atahitaji stadi tatu, zote zikiwa na mizizi katika lugha.

Stadi ya kwanza ni kusoma kwa kuhoji. Mnamo tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia kabla ya kutimiza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4. Katika roketi hiyo ya awali, kipimo fulani cha kasi hakikuweza kuzidi nafasi kilichotengewa. Katika Ariane 5, iliyokwenda mbio zaidi, kilizidi. Msimbo huo haukubadilika. Kilichobadilika ni mazingira yake. Msimbo ulioandikwa na mashine nao ni urithi wa aina hiyo. Anayeupokea bila kuuhoji hurithi pia makosa asiyoyajua.

Pili, ni stadi ya kueleza. Mnamo Septemba 1999, chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza, ilhali iliyovipokea ilitarajia vya metriki. Hesabu za kila upande zingeweza kuwa sahihi. Kilichokosekana ni maelewano. Kuuliza si ujinga, na swali moja lililoulizwa mapema lingeweza kukiokoa chombo hicho.

Tatu, ni kuifahamu lugha ya mtumiaji. Mtunzi aliyezoea Kiingereza huandika kitenzi mara moja, kisha akaacha pengo la kujazwa nomino yoyote. Katika Kiswahili, mbinu hiyo huzaa sentensi kama “Kitabu imefutwa” na “Ujumbe imefutwa”. Upatanisho wa kisarufi hudai “Kitabu kimefutwa”, “Ujumbe umefutwa” na “Picha zimefutwa”. Kasoro hii haitibiwi kwa kamusi, kwa kuwa chanzo chake ni muundo wa programu yenyewe. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuhimili kazi za tarakilishi.

Huenda msomaji akashuku kwamba hisabati inapuuzwa hapa. La hasha! Asiyeielewa mantiki ya msimbo hawezi kuuhoji. Hata hivyo, mkono mmoja hauchinji ng’ombe. Mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi anahitaji ngeli na ufasaha; mwanafunzi wa Kiswahili naye hana budi kujifunza jinsi programu zinavyoundwa. Wawili hawa wasipokutana darasani, Waswahili wataendelea kusemeshwa na mashine kwa Kiswahili kisichokuwa chao.