Maua Yaliyokataliwa: Maswali na Majibu Kuhusu Vitambaa vya Ufini

Pazia lile la maua makubwa mekundu ndilo hasa kitambaa cha Kifini?

Ndilo linalojulikana kuliko yote. Jina lake Unikko, yaani ua la mpopi, na lilichorwa mwaka 1964 na Maija Isola wa kampuni ya Marimekko. Armi Ratia, aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja na mumewe Viljo, alikuwa ametangaza kwamba hawatachapa maua. Isola hakukubali. Akachora maua, tena si moja, bali mfululizo mzima, na Ratia akayapokea. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini Unikko haina ule upole wa maua ya kawaida ya kitambaa: petali zimebapa, rangi ni nzito, na ua moja linaweza kuwa kubwa kuliko sahani.

Kwa nini wanachora vitu vikubwa hivyo?

Kwa sababu wanachora kwa ajili ya ukuta na dirisha, si kwa ajili ya leso. Mwanzoni hata Wafini wenyewe walisita. Kiwanda cha Printex cha Helsinki, cha Viljo Ratia, kilikuwa kikitengeneza vitambaa vya meza visivyopitisha maji. Armi akawaita wachoraji vijana walete michoro mipya kabisa. Watu waliisifu, lakini hawakujua waifanyie nini. Ndipo mwaka 1951 likaandaliwa onyesho la mavazi yaliyoshonwa kwa vitambaa hivyo, na Marimekko ikazaliwa.

Mchoro ninaoupenda zaidi ni Kivet, maana yake mawe, wa mwaka 1956. Isola aliyakata maumbo yake kwa mkasi, bila bikari, kwa hiyo hakuna jiwe lililo duara kamili. Mkono wa mtu unaonekana. Duara za bikari zikipangwa ukuta mzima huchosha macho, hizi hazichoshi. Mwaka 1961 akachora Lokki, yaani shakwe, mawimbi mapana yanayokwenda sawa na mikunjo ya pazia lenyewe. Kaivo, maana yake kisima, ni wa 1964: umbo ndani ya umbo, kama maji yanavyotanuka jiwe likitumbukia.

Ni Marimekko peke yake?

La. Finlayson ilianzishwa Tampere mwaka 1820, na shuka zake zimelaza vizazi vingi vya Wafini. Artek, ya mwaka 1935, ina Siena, mchoro wa Alvar Aalto wa 1954: vipande vidogo vya mstatili vilivyopangwa safu safu. Asiyependa makelele ya rangi aanze na huo.

Chumba changu ni kidogo. Mchoro mkubwa hautakimeza?

Hautakimeza ukiuweka mahali pamoja. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuukatakata mchoro mkubwa kuwa foronya za mito sita: ua linabaki robo huku, nusu kule, na sebule nzima inakosa utulivu. Pima kwanza mrudio, yaani umbali kutoka mwanzo wa mchoro hadi unapoanza tena. Pazia au kitambaa cha ukutani kibebe mrudio mmoja kamili, angalau. Kochi na zulia viwe vya rangi moja, iliyochukuliwa ndani ya kitambaa hicho hicho. Na ukiwa na kipande kimoja tu, kiwambe kwenye fremu ya mbao ukitundike. Kinatosha.

Nitajuaje kuwa kitambaa ni cha kweli?

Tazama ukingo wake. Vitambaa vya mita vya Marimekko huchapwa pembeni jina la kampuni, la mchoro, la aliyeuchora na mwaka. Fundi wako akishika mkasi, mwambie aanze upande mwingine. Ukingo huo uache, wageni wako wasome jina la Maija Isola.