Kunasa na Kunasua: Istilahi Moja katika Upimaji wa Sumu ya Mahindi

Makala haya yanachunguza istilahi inayofaa kueleza namna kiyeyushi kinavyoitoa kemikali mahali iliposhikwa katika kromatografia, yaani mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Mfano unatokana na zao linalofahamika vyema Kapseret, viungani mwa Eldoret, nalo ni mahindi.

Mahindi yakihifadhiwa kabla ya kukauka barabara huweza kuota kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo huzalisha sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hii iliua watu 125 miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, sharti kipimwe.

Katika maabara, mahindi husagwa na unga wake huchanganywa na methanoli na maji ili sumu iyeyuke. Kiowevu kinachopatikana huchujwa, huzimuliwa kwa maji, kisha hupitishwa katika mrija mdogo wenye kingamwili zinazoinasa aflatoksini. Maji hupitishwa tena kuondoa takataka, lakini sumu husalia pale pale. Hatimaye humiminwa methanoli isiyo na maji. Hiyo ndiyo huvunja mshikamano wa sumu na kingamwili, na sumu hutiririka nayo hadi chomboni, tayari kupimwa.

Je, hatua hiyo ya mwisho iitweje? Ikiitwa kuchuja, maana hupotoka, kwani chujio huzuia kilicho kikubwa, kama majani ya chai. Kuosha nako hakutoshi: maji yameshaosha, na sumu haikutoka. Kinachotendeka ni kuachanishwa kwa vilivyoshikana.

Kiswahili kina kauli ya kutendua inayobeba dhana hiyo: funga na fungua, bandika na bandua, nasa na nasua. Kwa hivyo, kingamwili hunasa, kiyeyushi hunasua, na mchakato wenyewe wafaa kuitwa unasuaji.

Suala hili si la wanaisimu pekee. Mkulima akiambiwa kwamba sumu ilichujwa au ilioshwa maabarani, aweza kudhani kwamba chekeche na maji ya nyumbani vyatosha kumkinga, ilhali aflatoksini haimalizwi kwa kuosha wala kwa kupika. Istilahi sahihi humwezesha kuelewa kwa nini mahindi yake yamekataliwa, na kwa nini hayafai kuliwa na watoto wake.