Kagua Tuktuk Kabla ya Kubonyeza "Tuma": Somo kwa Wanunuzi wa Malindi na Kilifi

Malindi bila tuktuk ni mji uliokatwa miguu. Tuktuk ndiyo inayopeleka watoto shule, mama na ndoo zake za samaki sokoni, mgeni hotelini na mgonjwa hospitali. Basi si ajabu dereva aliyepeleka hesabu kwa tajiri miaka mitatu, minne, akaanza kupiga hesabu zake mwenyewe: nikiongeza akiba, nikipata zamu yangu ya chama, naweza kununua yangu. Mpya bei iko juu, kwa hivyo wengi huangukia ya mkono wa pili.

Hapo ndipo simu inapoingia. Tangazo linatua kwenye grupu la WhatsApp: picha sita, rangi inang'aa, na chini yake maneno haya, "Tuma arubuni nikushikie, kuna mtu mwingine anakuja saa nane." Kutuma ni sekunde chache tu. Kurudishiwa ni hadithi nyingine.

Somo la leo ni moja: hapa mwambao, kasoro kubwa ya tuktuk haionekani kwenye picha. Iko chini, iko ndani, na mara nyingine iko kwenye makaratasi. Kwa hivyo pesa iwe hatua ya mwisho kabisa. Tuanze na hatua zinazotangulia.

Adui wa kwanza ni chumvi

Tuktuk iliyofanya kazi bara na ile iliyofanya kazi ufukweni zinaweza kuwa na umri mmoja na bei moja, lakini hazizeeki sawa. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Maji yenye chumvi yakikaa juu ya chuma, kutu hukimbia kuliko kawaida. Tena kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana huinua rangi na kutoa vile vipele unavyoviona kwenye bodi.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe, "Ilikuwa inapiga kazi wapi?" Tuktuk ya njia ya Kakuyuni au Ganda haijanyeshewa chumvi kama ya Mayungu na Watamu, karibu na maji. Ya Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, itazame mara mbili. Uliza pia ilibeba nini. Iliyobeba samaki imekuwa ikidondokewa na maji ya barafu na chumvi kwenye sakafu ya nyuma kila siku. Na uliza ilioshwa na maji gani, maana visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Mtu anaweza kuosha tuktuk yake kila jioni kwa bidii na huku anailisha kutu.

Namna ya kukagua

Nenda mchana, jua likiwa kali, na tuktuk iwe mahali pakavu. Usikague usiku kwa tochi ya simu, wala mara tu baada ya mvua au kuoshwa, kwa sababu maji hufanya rangi mbovu ionekane nzuri. Nenda na fundi wako, yaani fundi ambaye hamjui muuzaji. Beba sumaku ndogo, bisibisi, kitambaa cheupe na simu yenye chaji.

Anza na tumbo. Inua mkeka wa dereva, kisha kiti cha abiria. Kama muuzaji anasema mkeka umegandishwa na hautoki, hapo pana neno. Baadaye tazama chini yenyewe. Mafundi wengi huilaza ubavu. Omba ruhusa ya mwenyewe kwanza, mtoe betri ili asidi isimwagike, na muangalie petroli. Tazama mabomba ya chasisi, hasa kwenye maungio, na pale mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikilia bodi. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hulia kama debe bovu. Kutu ya juujuu, ile ya kuacha unga kwenye kidole, inapigwa brashi na rangi na maisha yanaendelea. Kutu inayotoka vipande kama maganda, au bisibisi inayozama, hiyo ni sababu ya kushukuru na kwenda zako.

Tafuta mahali palipochomelewa. Kuchomelea si dhambi, tuktuk nyingi za hapa zimechomelewa mahali fulani. Uliza tu kwa nini. Kipande kilichochomelewa kwenye sakafu ni jambo moja. Chasisi iliyochomelewa karibu na shokamzoba ya mbele huenda ni ajali.

Halafu rangi. Pitisha sumaku polepole kwenye bodi. Ikishika vizuri hapa, ikateleza pale, chini ya rangi huenda pamejazwa fila. Linganisha rangi ya nje na ile iliyo chini ya kiti. Rangi mpya nje na ya zamani ndani si kosa, watu hupaka. Lakini rangi iliyopakwa wiki iliyopita kwa ajili ya kuuza hufunika mengi.

Usisahau mafuriko. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 ziliacha vyombo vingi ndani ya maji hapa pwani, na masika ya kila mwaka nayo yana yake. Bonyeza sponji ya kiti, nusa. Tafuta matope makavu kwenye pembe ambazo kitambaa cha kuosha hakifiki, na ndani ya taa.

Injini uikute baridi. Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto na wewe ndio kwanza umefika, kuna mtu ameshaiamsha, na ile shida ya kuwaka asubuhi hutaiona. Iwashe, simama nyuma utazame moshi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na mara nyingi ni ringi au pistoni imechoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi, labda kabureta. Chomoa kipima oili upanguse kwa kitambaa cheupe. Oili ya rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

Sasa mwombe akuendeshe, kisha uendeshe wewe kama una leseni ya kuendesha tuktuk. Pitia gia zote na kurudi nyuma. Panda kamlima ukiwa na watu wawili nyuma; klachi iliyokwisha itanguruma bila kusogea. Shika breki barabara ikiwa tupu: je, inavuta upande mmoja? Achia usukani kidogo kwa mwendo mdogo uone kama inakwenda moja kwa moja. Ukisimama, tazama mipira ya ekseli za nyuma. Ikiwa imepasuka na grisi imetapakaa kwenye rimu, mchanga umeshaingia ndani.

Mwisho ni umeme. Washa taa zote, honi, wipa. Fungua vichwa vya betri: ukungu wa kijani kwenye nyaya ni kazi ya chumvi tena. Namba za kilomita kwenye mita zichukue kama maneno ya mdomo tu, kwa maana waya wake huchomolewa kirahisi. Mpira wa pedali ya breki na wa mshikio husema kweli zaidi.

Geuza kila kasoro iwe siku za kazi

Wanunuzi wengi wakiambiwa "hiyo ni kitu kidogo" huona aibu kubishana. Kuna njia rahisi. Kila kasoro mpe fundi aitaje kwa shilingi, kisha wewe uigawanye kwa faida yako ya siku.

Tuseme, kwa mfano tu, baada ya petroli na chakula unabaki na shilingi 800 kwa siku. Fundi anasema klachi, mipira ya ekseli na sakafu ya nyuma vitakula 24,000. Hizo ni siku 30 za kazi. Mwezi mzima utaendesha tuktuk yako mwenyewe bila kupeleka senti nyumbani, na kama umenunua kwa mkopo, marejesho ya mwezi huo nayo yanasubiri. Ukiiona hivyo, "kitu kidogo" kinapata uzito wake. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Mzee, tuktuk naipenda, lakini ina kazi ya elfu ishirini na nne. Tupunguze." Muuzaji mkweli atajadili. Asiyetaka hata kusikia, mshukuru na uondoke.

Mali bila daftari

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa tuktuk, daftari ni logbuku.

Soma namba ya chasisi na ya injini kwenye chuma chenyewe kwa macho yako, halafu linganisha na logbuku, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa, au bamba lililochomelewa upya mahali pake, acha. Hiyo si ya kupunguziwa bei.

Kisha fanya upekuzi wa chombo NTSA, kupitia akaunti yako ya eCitizen. Unaingiza namba ya usajili, unalipa ada, na unapata rekodi ya mmiliki. Ufanye mwenyewe. Picha ya upekuzi uliofanywa na muuzaji inaweza kuwa ya zamani, au imehaririwa. Linganisha jina na kitambulisho cha aliye mbele yako. Akisema "ni ya shemeji yuko Doha," basi shemeji apigiwe simu ya video, na uhamisho ufanywe kwa akaunti yake yeye.

Jambo jingine ni mikopo. Tuktuk nyingi hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji huandikwa kwenye logbuku pamoja na mwenyewe hadi deni liishe. Tena tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, kuna sajili ya serikali ambako wakopeshaji huandikisha mali waliyoishika, na unaweza kuipekua. Deni likiwa bado, mkopeshaji anaweza kuichukua tuktuk mikononi mwako hata kama umemlipa muuzaji kila senti. Deni halizuii biashara, lakini linabadilisha anayelipwa: salio lilipwe kwa mkopeshaji mwenyewe, kwenye paybill yake rasmi, na akupe barua ya kumaliza deni. Kinachobaki ndicho cha muuzaji.

Sasa, pesa

Umekagua, mmeelewana, karatasi ni safi. Lipa hivi:

1. Andikeni mkataba kwanza. Uwe na majina, namba za vitambulisho, namba ya usajili, chasisi na injini, bei, tarehe na saa. Saa ni muhimu: tuktuk ikiwa ilifanya kosa asubuhi, wewe umeinunua jioni. Kila upande uwe na shahidi.

2. Kama lazima utoe arubuni, iwe kidogo, iwe baada ya kukagua, na mkataba useme itarudishwa lini na kwa sababu gani.

3. Tuma kwa namba yenye jina lilelile la kwenye logbuku. Jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini, lisome lote. Ukiambiwa "tuma kwa ya broka, yangu imejaa," subiri. Line iliyojaa inaweza kupunguzwa hapohapo.

4. Panga kwa kikomo. Kwa sasa mwamala mmoja mwisho ni shilingi 250,000, na kwa siku 500,000. Kwa tuktuk inatosha, na hakuna haja ya kubeba noti kwenye mfuko wa rambo.

5. Lipa kiasi kikubwa muuzaji akiwa ameshaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, nawe umeupokea kwenye akaunti yako. Kaeni mezani pamoja, simu mbili, mfanye kwa wakati mmoja.

6. Usifute ujumbe wa muamala. Upige picha na uandike namba yake kwenye mkataba. Huo ndio ushahidi wako.

Tunaulizwa sana: "Si nitapiga huduma kwa wateja mnirudishie?" Tuwe wakweli. Kurudisha muamala kumewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Pesa uliyotuma kwa hiari yako, kwa mtu uliyemkusudia, kwa tuktuk uliyoiona, ni biashara baina yenu wawili. Na mpokeaji akishaitoa kwa ajenti, kwenye line hakuna cha kurudisha. Kutapeliwa ni jambo la polisi, na hapo ule mkataba na ule ujumbe ndivyo vitakusaidia. Ndiyo maana tunasisitiza kukagua kabla.

Tuktuk ikishakuwa yako, kabla haijabeba abiria hakikisha bima ni ya jina lako. Bima ya mwenye zamani usiitegemee. Halafu iosheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chini pia, na mpake oili kwenye maungio. Kusi ikianza kuvuma utaona faida yake.

Na yule "mtu anayekuja saa nane"? Mwache aje. Akiinunua kabla hujaikagua, atakuwa ameikagua yeye kwa pesa zake. Akiba yako bado iko kwenye simu, na tuktuk nyingine itatangazwa kesho.